Ugomvi wa Viongozi na Gharama Yake kwa Raia

Nchi ya Gusii ni nchi ya vilima, yenye mvua nyingi na watu wengi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Kaunti ya Nyamira watu 605,576. Mashamba ni madogo. Boma hupakana na boma, na chai ya mtu huota hatua chache tu kutoka migomba ya jirani yake. Mahali penye watu waliokaribiana namna hiyo, neno likitamkwa asubuhi mkutanoni huwa limefika kila jikoni kabla ya jua kuchwa. Ndiyo sababu yafaa wenyeji wa kaunti hizo mbili, na wananchi wa Kenya kwa jumla, wayapime maneno ya viongozi wao, wajue lipi ni hoja na lipi ni tusi, na wajue pia ni nani alipaye gharama viongozi wanapogombana.

Somo hili lataja kwanza mambo yaliyotukia kweli, Kisii, Nyamira na kwingineko Kenya. Kisha laonyesha sheria inasema nini, na mwisho laeleza kazi iliyo mikononi mwa msikilizaji.

Makonde Matangani

Mwanzoni mwa mwezi wa Februari 2021, watu wengi walikusanyika Kisii kumzika baba wa Bw. Joash Maangi, ambaye wakati huo alikuwa Naibu Gavana wa kaunti. Miongoni mwa waliofika walikuwamo Bw. William Ruto, aliyekuwa Naibu wa Rais, na Bw. Raila Odinga, aliyekuwa kiongozi wa chama cha ODM. Hotuba zilipokuwa zikiendelea, wabunge wawili walipigana mbele ya waombolezaji. Mmoja alikuwa Bw. Silvanus Osoro, Mbunge wa Mugirango Kusini, wa upande wa Bw. Ruto. Wa pili alikuwa Bw. Simba Arati, ambaye siku hizo alikuwa Mbunge wa Dagoretti Kaskazini huko Nairobi, wa upande wa Bw. Odinga. Picha za ugomvi huo zilionyeshwa katika televisheni na kupelekwa kwa simu nchi nzima, na watu wengi wakayaona makonde bila kujua hata jina la marehemu.

Haifai hapa kuamua ni nani aliyeanza, maana kila upande una maelezo yake. Jambo la kwanza la kuangaliwa ni mahali palipotukia. Katika desturi za Kigusii, kama katika desturi za Waafrika wengi, siku ya mazishi ni siku ya kunyamaza ugomvi. Hata jirani aliyekosana na marehemu huja, huketi, na kutia udongo kaburini. Lakini siasa imeijua njia ya kwenda matangani, kwa sababu huko watu hukutana bila kuitwa na mwanasiasa, wala hawawezi kuondoka kwa heshima kabla ya mwili kuzikwa. Mwenye kushika kipaza sauti huwa amejipatia mkutano wa bure, na familia iliyofiwa ndiyo inayoulipia.

Jambo la pili ni yaliyofuata. Katika uchaguzi wa Agosti 2022, Bw. Arati alichaguliwa kuwa Gavana wa Kisii kwa tikiti ya ODM. Bw. Osoro naye alichaguliwa tena Mugirango Kusini kwa tikiti ya UDA, kisha akawa Kiranja wa Walio Wengi katika Bunge la Kitaifa. Si kusema kwamba walichaguliwa kwa ajili ya makonde. Kila mmoja alikuwa na wafuasi wake na sifa zake. Lakini ni kweli kwamba makonde hayakumnyima hata mmoja wao kiti. Kijana mwenye tamaa ya uongozi akitazama hayo, atajifunza nini?

Jambo la tatu ni kubwa zaidi. Tarehe 7 Machi 2025, mjini Nairobi, Rais Ruto na Bw. Odinga, wale wale waliokuwa wameketi katika matanga yale, walitia sahihi mapatano ya vyama vyao viwili kushirikiana. Bw. Odinga alifariki dunia tarehe 15 Oktoba 2025 mapatano hayo yakiwa bado yanasimama. Basi yale yaliyowatoa watu jasho na damu mwaka 2021 yalimalizwa kwa kalamu na meza miaka minne baadaye. Raia aliyekuwa ameacha kumsalimu jirani yake kwa ajili ya chama hakuitwa kutia sahihi yoyote.

Wakubwa Hupatana

Mambo hayo si mageni katika historia ya Kenya. Mwaka 1960, uhuru ulipokuwa ukikaribia, viongozi wa Kiafrika waligawanyika katika vyama viwili, KANU na KADU. KANU ilitaka serikali moja yenye nguvu; KADU, chini ya Bw. Ronald Ngala, ilitaka majimbo yenye madaraka yake, ili makabila madogo yasimezwe na makubwa. Hoja zote mbili zilikuwa na maana, lakini majukwaani mara nyingi zilivikwa nguo za kabila na vitisho. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU ilijivunja yenyewe, na wabunge wake wakahamia upande wa KANU. Bw. Daniel arap Moi, aliyekuwa mkubwa katika KADU, akawa Makamu wa Rais mwaka 1967 na Rais mwaka 1978, akiongoza chama kile kile alichokuwa akikipinga.

Katika Gusii yenyewe kuna mfano wa Bw. Simeon Nyachae, mwana wa Chifu Mkuu Musa Nyandusi. Bw. Nyachae alikuwa Waziri wa Fedha katika serikali ya KANU. Mwanzoni mwa mwaka 1999 aliondolewa katika wizara hiyo na kupewa nyingine, naye akajiuzulu. Mwaka 2002 aligombea urais kwa tikiti ya Ford-People, akishindana na Bw. Mwai Kibaki na Bw. Uhuru Kenyatta, na watu wengi wa Gusii wakamfuata. Bw. Kibaki alishinda. Miaka miwili haijapita, mwaka 2004, Bw. Nyachae aliingia katika Baraza la Mawaziri la Rais Kibaki kuwa Waziri wa Nishati. Alifariki dunia tarehe 1 Februari 2021, akiheshimiwa na watu wa vyama vyote.

Tena, tarehe 9 Machi 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Bw. Odinga walipeana mkono mbele ya ofisi ya Rais, baada ya uchaguzi wa mwaka 2017 uliokuwa umeleta vifo na kiapo cha Bw. Odinga cha kujiita Rais wa Wananchi.

Mifano hiyo haikutajwa ili kuwadharau viongozi hao. Kupatana ni jambo jema, na nchi isiyokuwa na watu wanaoweza kupatana huangamia. Kosa ni kumfundisha mwananchi kwamba mpinzani ni adui wa kudumu, ilhali kiongozi mwenyewe anajua moyoni kuwa huenda kesho akaketi naye meza moja. Kiongozi hukopa hasira ya wananchi kwa muda wa uchaguzi. Uchaguzi ukiisha, yeye huenda zake, na hasira ile hubaki kijijini bila mwenye kuirudisha.

Majirani Hubaki na Hasara

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Wazee waliosema hivyo walijua mambo, na wenyeji wa mpaka wa Borabu na Sotik wanayajua zaidi.

Borabu iko mashariki ya Nyamira, nayo hupakana na nchi ya Wakipsigis. Kwa miaka mingi Wakisii na Wakipsigis wa huko wamekuwa wakiuziana chakula na mifugo, hasa katika soko la Chebilat lililo mpakani. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, viongozi wa kitaifa walipokuwa wakibishana ni nani aliyeshinda, watu wa pande mbili za mpaka huo walishambuliana. Nyumba zilichomwa na watu wakakimbia. Katika Kenya nzima, Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia za siku hizo, na mamia ya maelfu walihama makwao.

Tarehe 28 Februari 2008 Bw. Kibaki na Bw. Odinga walitia sahihi mapatano, wakisaidiwa na Bw. Kofi Annan. Kufika mwezi wa Aprili, watu wa vyama vyao walikuwa wameketi katika Baraza moja la Mawaziri. Viongozi waliokuwa wakitupiana maneno makali sasa walikuwa na ofisi jirani, magari ya Serikali na walinzi. Lakini huko mpakani, mtu aliyechomewa nyumba alirudi kwenye majivu. Duka halikujijenga upya siku ile mapatano yalipotiwa sahihi. Na aliyemtazama mwenziwe akikimbia na kiberiti hakuweza kusahau sura ile, hata redio ikitangaza amani kila saa. Ugomvi wa viongozi ulikuwa wa miezi miwili. Ugomvi wa majirani ulihitaji miaka mingi ya vikao vya wazee kuutuliza.

Gharama Isiyoonekana

Si kila hasara huja na moto. Iko hasara nyingine ambayo huja polepole, na Nyamira imeionja.

Katika miaka ya 2024 na 2025 wajumbe wa Bunge la Kaunti ya Nyamira waligawanyika pande mbili juu ya uspika, kila upande ukidai kuwa ndio wa halali, na majaribio ya kumwondoa Gavana yakafuatana. Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya wakubwa, hayamhusu mchuma chai. Lakini hebu aangalie jinsi fedha za kaunti zinavyotolewa. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, fedha za kaunti huingia katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti. Haziwezi kutolewa ila kwa sheria ya matumizi iliyopitishwa na Bunge la Kaunti, na kwa idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Bunge likigawanyika hata haijulikani ni kikao kipi cha halali, bajeti huchelewa au hupelekwa mahakamani. Bajeti ikichelewa, dawa za zahanati huchelewa, mshahara wa muuguzi huchelewa, na barabara ya kupitishia majani ya chai huendelea kuwa tope. Hakuna aliyerusha konde, lakini mgonjwa ameumia.

Tena kuna wadi tatu za Nyamira, yaani Nyamaiya, Nyansiongo na Ekerenyo. Viti vyake vilikuwa wazi kwa muda mrefu, kwa kuwa hakukuwa na makamishna wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka wa kuitisha uchaguzi mdogo. Makamishna wa zamani walikuwa wameondoka kufikia Januari 2023, na wapya hawakuapishwa mpaka Julai 2025. Sababu za kuchelewa huko zilikuwa pamoja na mabishano ya vyama huko Nairobi na kesi zilizopelekwa mahakamani. Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 27 Novemba 2025. Muda huo wote, mwananchi wa wadi hizo alilipa ushuru kama wengine, lakini Bunge la Kaunti lilipogawanya fedha hakuwa na mtu wake wa kuinua mkono. Hivyo mgawanyiko wa Nairobi ulifika hata kwenye kijiji ambacho hakikuuliza wala kuulizwa.

Kupinga si Kutukana

Hapana budi kueleza jambo hili vizuri, kwa sababu wako watu wanaodhani kwamba adabu ya siasa maana yake ni kumnyamazia mwenye cheo. Sivyo. Serikali isiyopingwa huharibika upesi kama maziwa yaliyoachwa juani. Kiongozi akitumia vibaya mali ya umma, yafaa asemwe, tena kwa sauti. Tofauti kati ya upinzani na matusi si ukali. Upinzani huonyesha kosa, hutaja ushahidi, na hudai jibu. Tusi humtaja mtu, mamaye, kabila lake au umbo lake, wala halina jibu ila tusi jingine.

Mfano mzuri ni Bw. George Anyona, aliyechaguliwa mwaka 1974 kuwa Mbunge wa Kitutu Mashariki, na baadaye akawa Mbunge wa Kitutu Masaba, ambayo sasa imo katika Kaunti ya Nyamira. Bw. Anyona hakuwa mtu laini. Mwaka 1977 aliuliza Bungeni juu ya zabuni ya mabehewa ya reli, akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa mpaka mwishoni mwa mwaka 1978. Alifungwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini silaha yake kubwa ilikuwa karatasi na Kanuni za Bunge, ambazo alizijua kuliko wengi. Waliomchukia walilazimika kujibu hoja yake au kumfunga; hawakuweza kusema kuwa hakuwa na hoja.

Na mtu huyo aliyeteswa na serikali ya KANU ndiye aliyeketi meza moja na wabunge wa KANU mwaka 1997, katika kundi la wabunge wa vyama vyote lililojulikana kama IPPG. Wakati huo nchi ilikuwa imekumbwa na ghasia, na watu walikuwa wameuawa katika maandamano ya tarehe 7 Julai. Kundi hilo lilikubaliana kupunguza ukali wa sheria za machifu na za mikutano ya hadhara, na kuwaruhusu wapinzani wapendekeze makamishna wa uchaguzi. Wako waliosema kuwa mapatano hayo hayakutosha, na huenda walisema kweli. Lakini yaliipitisha nchi katika mwaka ule, na yalionyesha kwamba mtu aweza kuwa mkali na bado akajua kuketi.

Sheria Inasema Nini

Katiba ya Kenya, katika Kifungu cha 33, humpa kila mtu uhuru wa kusema. Kifungu hicho hicho chasema kwamba uhuru huo haumruhusu mtu kuchochea ghasia, wala kueneza chuki dhidi ya watu wengine, na kwamba kila mtu aheshimu haki na sifa njema za wenzake. Kifungu cha 75 kinamtaka ofisa wa dola ajiendeshe, hadharani na faraghani, kwa namna isiyoidhalilisha ofisi yake. Kifungu cha 91 kinavikataza vyama vya siasa kutumia ghasia au vitisho, na kuwa na makundi ya wapiganaji.

Tena iko Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, iliyotungwa baada ya ghasia zilizotajwa hapo juu. Mtu akitumia maneno ya vitisho au matusi kwa nia ya kuchochea chuki ya kikabila, aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kufungwa kifungo kisichozidi miaka mitatu, au yote mawili.

Lakini raia asiogope kusema kweli. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilikibatilisha Kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho kilifanya kuwa kosa kudhoofisha mamlaka ya ofisa wa umma. Basi kumkosoa gavana, mbunge au Rais si kosa. Kosa ni kuwachochea watu wachukiane kwa ajili ya kabila au kuwaita watu wapigane.

Kwa Nini Mbunge Husema na Spika

Watu wengi husikiliza mijadala ya Bunge katika redio, wakashangaa kwa nini mbunge anayejibizana na mwenziwe haseme naye, bali husema “Bw. Spika” au “Bi. Spika.” Hiyo si mapambo. Sababu yake ni kwamba hasira ikipitia kwa mtu wa tatu hupungua. Mbunge hawezi kumwambia mwenziwe “wewe mwizi.” Humlazimu kumweleza Spika kwamba Mheshimiwa fulani ana maswali ya kujibu juu ya fedha fulani. Akitoa neno lisilofaa, Spika humwamuru alifute na kuomba radhi. Akikataa, hutolewa nje.

Utaratibu huo si wa kigeni kwa Abagusii. Wazee wao walikuwa na baraza la kuamua mashauri lililoitwa ritongo. Huko nako wenye shauri hawakuachwa washikane makoo; kila mmoja alisema mbele ya wazee, na wazee ndio waliopima. Mzee aliyeheshimiwa hakuwa yule mwenye sauti kubwa, bali yule aliyejua kungojea zamu yake.

Shida ya mkutano wa hadhara, na ya matanga pia, ni kwamba hakuna Spika. Kiongozi husimama juu ya gari au mbele ya jeneza, na hakuna wa kumwambia “Futa neno hilo.” Hakuna isipokuwa wale wanaomsikiliza.

Mpaka wa Keroka Hausogezwi kwa Kelele

Mji wa Keroka uko mahali ambapo Kisii na Nyamira hukutana, na kwa muda mrefu kaunti hizo mbili zimebishania mpaka na ushuru wa mji huo. Ni jambo lenye maana kwa mchuuzi wa mboga na mwenye duka, kwa sababu anataka kujua amlipe nani na nani amjengee choo cha soko. Na kwa kuwa ni jambo lenye maana, ni rahisi kwa mwanasiasa wa upande wowote kulifanya kuni za kupikia kura.

Lakini sheria iko wazi. Kifungu cha 188 cha Katiba chasema mpaka wa kaunti hauwezi kubadilishwa ila kwa pendekezo la tume huru iliyoundwa na Bunge. Pendekezo hilo sharti liungwe mkono na theluthi mbili ya wajumbe wote wa Bunge la Kitaifa, na theluthi mbili ya kaunti zote katika Seneti. Kifungu cha 189 chazitaka serikali zenye ubishi zijitahidi kuumaliza kwa mazungumzo na usuluhishi. Kwa hiyo kiongozi akisimama Keroka na kuwatukana watu wa upande wa pili, hajausogeza mpaka hata kwa upana wa jembe. Ila amewafanya watu wanaonunua ndizi pamoja watazamane kwa macho mabaya. Kiongozi anayetaka kweli kuumaliza ubishi huo atasema amekutana na nani, wamekubaliana nini, na wamebakiza nini.

Kazi ya Msikilizaji

Nyasi za methali hazina la kufanya fahali wanapopigana. Raia si nyasi: ana masikio, ana miguu na ana kura. Tusi la kiongozi ni kama bidhaa sokoni. Likipigiwa makofi limenunuliwa, na mwuzaji atarudi na jingine. Yafuatayo ni mambo ambayo watu wa kawaida wanaweza kuyafanya.

Kwanza, familia yenye msiba iweke utaratibu mapema. Iamue ni nani watakaosema, kwa dakika ngapi, na ni nani atakayeshika kipaza sauti. Wanasiasa wasalimiwe kwa heshima, watoe rambirambi, na siasa iachwe nje ya boma. Familia ikisema hivyo tangu mwanzo, na wazee wa kanisa wakiunga mkono, si rahisi mgeni avunje neno la mwenye nyumba.

Pili, msikilizaji ajiulize maswali matatu kila hotuba inapokwisha: Je, ametaja kazi gani? Ametoa ushahidi gani? Na angesema maneno yale yale kama yule anayemsema angekuwa ameketi karibu naye? Hotuba isiyo na jibu hata moja ni kelele.

Tatu, vijana wasikubali kulipwa ili kuvuruga mikutano. Anayempa kijana shilingi mia chache akarushe mawe hampeleki mwanawe mwenyewe kurusha. Akivunjwa mguu, atauguzwa na mamaye. Akifungwa, mlipaji atasema hamjui.

Nne, mwenye simu asipeleke mbele picha au sauti ya matusi kwa kuchekesha. Neno lililosikiwa na watu mia mbili kijijini hufika kwa watu laki mbili kwa mikono ya hao hao wanaosema hawalipendi.

Tano, siku ya kura ikumbukwe siku ya ugomvi. Mwananchi ana haki ya kumchagua amtakaye, wala asilaumiwe. Lakini kabla ya kumpa mtu miaka mitano mingine, amwulize hadharani: siku ile uliporusha ngumi, au ulipowataja watu wa kabila fulani kwa dharau, ulitutafutia nini?

Uchaguzi huja na kupita, na viongozi, kama ilivyoonekana, hupatana. Jirani wa Chebilat atabaki kuwa jirani wa Chebilat, na muuza ndizi wa Keroka atahitaji mnunuzi wa pande zote mbili za barabara. Yafaa basi watu wa kawaida wayalinde mapatano yao wenyewe, kwa sababu hakuna mgeni mashuhuri atakayekuja kuwapatanisha mbele ya kamera.

Maswali ya Kujadiliwa

1. Katika mazishi ya karibuni hapo kijijini, siasa ilichukua muda gani, na familia ilisema nini juu yake?

2. Taja kiongozi mmoja aliyempinga mwenziwe kwa hoja bila kumtukana. Hoja yake ilikuwa nini, na ilileta matokeo gani?

3. Kama fedha za kaunti zimechelewa kwa sababu ya mabishano, ni huduma gani iliyoumia kwanza mahali hapo?

4. Ni jambo gani ambalo majirani wa mpakani wanaweza kukubaliana sasa, kabla ya kampeni kuanza, ili lisivunjwe wakati wa kampeni?